Muziki: Namna ya kuunganisha priampli ya lampu na ampli ya transista bila kupoteza besi

Umepata priampli ya zamani ya lampu, umeiunganisha na ampli ya transista, santuri ya rumba inazunguka. Sauti ya mwimbaji ni laini, magitaa yanang'aa, lakini besi haisikiki vizuri. Wengi hulaumu spika au lampu zilizochoka. Mara nyingi shida ni kwamba mashine hizo mbili hazilingani.

Mfano ni Dynaco PAS, priampli ya kampuni ya David Hafler wa Philadelphia, Marekani, iliyoanza kuuzwa karibu mwaka 1960. Ina lampu nne za 12AX7. Iliendana na Stereo 70, ampli ya lampu yenye ukinzani wa ohmu 470,000 pale sauti inapoingilia. Ampli nyingi za transista zina ohmu 10,000 hadi 50,000 tu.

Tofauti hiyo inagusa besi moja kwa moja. Pale sauti inapotokea kwenye priampli kuna kapasita inayozuia umeme mkali wa lampu usivuke. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikikutana na ohmu 470,000, besi hupungua chini ya mitetemo 4 kwa sekunde, ambayo sikio halisikii. Ikikutana na ohmu 10,000, besi huanza kupungua kwenye mitetemo 160. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa mitetemo 41. Hapo rumba imepoteza miguu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kununua ampli, soma karatasi yake na utafute yenye ohmu 100,000 au zaidi. Ikikosekana, fundi anaweza kuweka kati ya mashine hizo sakiti ndogo ya kuipunguzia priampli mzigo.

Usalama pia ni muhimu. Kapasita ya miaka 60 ikivuja, umeme unaweza kufika kwenye ampli na kuunguza spika, kwa hiyo ibadilishwe mapema. Washa priampli kwanza, ngoja dakika moja, ndipo uwashe ampli. Wakati wa kuzima, anza na ampli. Mashine ya Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha volti za kwetu. Na usifungue kisanduku mwenyewe: hata kikizimwa, umeme unaoweza kuua hubaki ndani.