Upepo Kwanza, Mkuki Baadaye: Kalenda ya Bahari kwa Wanaorudi Pwani

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu chini ya sauti.)

MTANGAZAJI:
Kipindi hiki ni chako, msikilizaji uliye Ifo, Dagahaley, Hagadera, Kakuma au Kalobeyei. Kama mko kikundi, sogeeni karibu na redio, na mwenye nakala hii iliyochapishwa awasomee wengine polepole.

Leo tunazungumza juu ya bahari. Najua ukitazama nje hapo ulipo unaona mchanga, miiba na vumbi. Lakini wako wengi kati yetu waliotoka Kismayo, Koyama, Chovai, Chula na Ras Kamboni, watu ambao babu zao waliishi kwa samaki. Tangu Desemba 2014 wakimbizi wamekuwa wakirudi Somalia kwa hiari kutoka Dadaab, na Kismayo ni mmoja wa miji ya kwanza iliyowapokea. Huenda na wewe unafikiria safari hiyo. Huenda mwanao ameshakwambia, "Baba, tukifika nitanunua miwani na mkuki, nitavua."

Wazo si baya. Mkuki wa samaki ni chombo cha bei nafuu. Hauhitaji injini wala nyavu. Lakini kijana aliyezaliwa Ifo amekua bila kuonja maji ya chumvi, na bahari haimwambii mtu kwamba leo si siku yake. Anayeyajua hayo ni mzee aliyeketi pale kwenye kivuli cha jirani yako. Basi leo tueleze mambo manne: upepo, mwezi, samaki na pumzi.

(Muziki mfupi.)

PEPO MBILI

Bahari yetu ya Hindi inaendeshwa na pepo mbili kubwa, na mikondo ya maji inazifuata.

Upepo wa kwanza ni kaskazi. Unavuma kuanzia Desemba hadi Machi, ukitoka kaskazini mashariki. Ni majira ambayo Wasomali wanayaita jilaal. Maji huwa ya joto, na mkondo mbele ya Kismayo hushuka kuelekea kusini. Mwanzoni kaskazi huweza kuvuma kwa nguvu, hasa Januari, lakini inapofika Februari na Machi hulegea. Hapo bahari hutulia, maji huwa maangavu na mpiga mbizi huuona mwamba akiwa bado yuko juu. Hayo ndiyo majira bora ya mkuki.

Upepo wa pili ni kusi, unaotoka kusini. Unaanza Aprili au Mei pamoja na mvua za masika, na unavuma kwa ukali wake wote Juni, Julai na Agosti. Wasomali wanayaita majira hayo xagaa. Mkondo hugeuka, ukapanda kaskazini kwa kasi kubwa. Mawimbi hupasuka juu ya mwamba wa nje, mchanga huinuka na maji huwa na ukungu. Wavuvi wa zamani walivuta vyombo vyao pwani, wakashona nyavu na matanga, wakangoja. Hawakuwa wavivu. Walijua kwamba mtu akichukuliwa na mkondo nje ya mwamba wakati wa kusi, hata chombo kinachokwenda kumtafuta kimo hatarini.

Kati ya kusi na kaskazi kuna matlai, upepo mwanana wa Oktoba na Novemba. Bahari hufunguka tena. Hata hivyo, ukiwa karibu na Kismayo kumbuka Mto Juba, unaoingia baharini karibu na Goobweyn, kaskazini ya mji. Mvua za deyr hunyesha miezi hiyo hiyo, na mto huleta maji ya matope. Usizamie kwenye maji ya matope karibu na mdomo wa mto. Huoni samaki, humwoni mwenzako, na papa wa maji ya mito hupenda kuwinda hapo hapo.

MWEZI NA MAJI

Ukishajua upepo, tazama mwezi. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hili ni jepesi kwake. Karibu na mwezi mwandamo, na tena karibu na tarehe 15 mwezi ukiwa mpevu, kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo kwenye milango ya mwamba ni mkali. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na mkondo ni dhaifu.

Kwa hiyo kazi ni mbili tofauti. Siku za bamvua, maji yakipwa, mwamba hukauka. Hapo mtu huvua pweza kwa miguu akitumia mkonzo, ule ufito mrefu uliochongwa ncha, bila kupiga mbizi. Wanawake wa pwani wamelisha nyumba zao kwa kazi hiyo tangu zamani. Siku za maji mafu ndizo za kuzamia. Saa nzuri ni pale maji yanapokaribia kujaa kabisa: maji safi ya bahari kuu yameingia na mkondo umesimama kidogo. Usizamie kwenye mlango wa mwamba maji yanapoanza kutoka. Yatakutoa na wewe.

Saa hizo hazikai mahali pamoja. Kila siku maji husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kama leo yamejaa saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu saa tano.

(Muziki mfupi.)

SAMAKI WA KULENGA NA WA KUACHA

Ndani ya mwamba, kwenye majani ya baharini, utamkuta tasi. Ni samaki wa chakula cha kila siku, mtamu kwa kukaanga. Ila miiba yake ina sumu inayouma sana, basi mshike kwa uangalifu. Katika majira ya kaskazi tasi hukusanyika kutaga mayai. Ukikuta kundi kubwa limejazana mahali pamoja, usifurahi haraka. Hao ni wazazi wa samaki wa mwakani. Chukua wa kula, waache wengine.

Kwenye mawe na mapango yumo chewa, ambaye wengine wanamwita tewa. Hakimbii mbali. Hurudi shimoni mwake na kukutazama, na kwa hiyo ni rahisi kumpiga. Hapo ndipo penye tatizo. Chewa wengi huzaliwa majike, na baadhi tu hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukiwaua wale wakubwa wote kwenye mwamba mmoja, umewaacha majike bila dume. Mwamba ulioonekana umejaa mwaka huu unaweza kuwa mtupu baada ya miaka michache. Mlenge wa kadiri, yule mkubwa kabisa mwache.

Changu ni samaki wa kulenga bila wasiwasi mwingi, akiwa amekomaa. Pono, yule wa rangi ya kijani na buluu mwenye mdomo kama wa kasuku, hula mwani unaosonga matumbawe. Akiisha yeye, mwamba hufunikwa na mwani, na samaki wengine hukosa makao. Kolekole na nguru hupita nje ya mwamba, kwenye maji ya kina. Hao waachie wenye chombo na uzoefu, na siku ya bahari shwari tu.

Kamba wa mawe akiwa na mayai chini ya mkia, mrudishe majini. Pweza naye, jike akishataga hukaa kulinda mayai yake mpaka yaangue, kisha hufa. Jike anayelinda mayai ukimtoa shimoni, umepoteza kizazi kizima kwa mlo mmoja. Ndiyo sababu wavuvi wa sehemu kadhaa, kama Pemba na Madagaska, hukubaliana kufunga kipande cha mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha hukifungua siku moja wote pamoja.

Na kuna wa kumwacha daima: bunju, yule anayevimba tumbo kama mpira. Sumu yake haiishi kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Usile, usimpe mtoto, usimtupie hata paka.

Ukichomwa na mwiba wa tasi, wa taa au wa samaki anayefanana na jiwe, tia mguu au mkono huo katika maji ya moto kwa dakika 30 hadi 90. Yawe ya moto kiasi cha kuvumilika, na uyajaribu kwanza kwa mkono wako mzima. Kisha nenda zahanati.

PUMZI

Sasa sikiliza vizuri, hasa wewe kijana. Wapiga mbizi hodari hufa wakiwa karibu kabisa na uso wa maji. Kwa nini?

Unapobana pumzi, kinachokufanya utamani kuvuta hewa si upungufu wa oksijeni. Ni ile hewa chafu, kaboni dioksaidi, inayojaa mwilini. Hiyo ndiyo kengele yako. Vijana wengine huhema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza oksijeni. Ukweli ni kwamba wanaitoa ile hewa chafu, na kengele inachelewa kulia. Wanakaa chini wakijiona wazima huku oksijeni inakwisha.

Kisha wanapanda. Kwenye kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na mgandamizo huo ndio unaousaidia mwili kutumia oksijeni kidogo iliyobaki. Ukipanda, msaada huo unaondoka ghafla. Mtu huzimia mita chache kabla ya kufika juu, bila dalili, bila kelele. Asipokuwepo mwenzake, huzama kimya kimya.

Kwa hiyo sheria ni tatu. Usihemehe haraka kabla ya kuzama. Pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Na usizamie peke yako: mmoja chini, mmoja juu akimtazama, kisha mbadilishane. Mkuki mmoja kwa watu wawili ni bora kuliko mikuki miwili kwa wajane wawili.

SHERIA

Jambo la mwisho, na ni zito. Nchini Kenya, bunduki ya kuvulia samaki, ile inayorusha mshale kwa mpira au spring'i, imepigwa marufuku tangu 2001, pamoja na juya la kukokota. Mtu akikufuata kambini akakuambia, "Twende Lamu, kuna kazi ya kupiga mbizi, kifaa nitakupa mimi," muulize kifaa gani, na muulize kibali kiko wapi. Mkimbizi anayetoka kambini anahitaji kibali cha safari. Ukikamatwa huna kibali na mkononi una chombo kilichokatazwa, mwenye chombo hatakuwepo. Na ukisharudi Kismayo usivuke mpaka wa baharini karibu na Ras Kamboni kufuata samaki. Upande wa Kenya hapo ni Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, yenye masharti yake.

Ukifika nyumbani, kabla hujanunua chochote, nenda ufukweni bila mkuki. Wasalimu wazee. Uliza wanavua wapi, wamefunga wapi, na nini hakiruhusiwi.

Lakini kwa nini ungoje hadi ufike? Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mzee wa Kibajuni aliye block ya pili anaijua kaskazi kwa harufu yake. Mwendee leo jioni pamoja na mwanao. Mwambie awachoree mwamba wa kwao kwa kijiti hapo mchangani: mlango uko wapi, maji yanatokea wapi. Safari ikiwadia, kijana atakuwa na ramani kichwani, na mzee atakuwa ameacha urithi wake mahali salama.

(Muziki wa kufunga unapanda.)

Kwa leo tumefika mwisho. Kawia ufike, msikilizaji. Tukutane juma lijalo, inshallah.

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI
1. Nani kati yetu aliwahi kuvua baharini? Alijuaje kwamba leo si siku ya kwenda?
2. Kwa nini kuhema haraka kabla ya kuzama ni hatari?
3. Tukirudi pwani, ni samaki gani tutakubaliana kumwacha, na kwa nini?