Eyam: Kijiji Kilichojifungia Mlango

Katika vilima vya jimbo la Derbyshire, Uingereza, kipo kijiji kidogo cha nyumba za mawe kiitwacho Eyam. Ni kijiji cha kale. Katika ua wa kanisa lake umesimama msalaba wa jiwe uliochongwa yapata miaka 1,200 iliyopita, na kwa karne nyingi wanaume wake walijipatia riziki kwa kuchimba madini ya risasi. Vijiji vya namna hiyo ni vingi katika nchi ile. Eyam ilipata jina kwa sababu ya miezi kumi na minne ya msiba, tangu Septemba 1665 hadi Novemba 1666.

Mwaka 1665 tauni ilikuwa ikiwaangamiza watu wa London kwa maelfu. Karibu na mwisho wa Agosti, robota la vitambaa lililetwa kutoka mji huo hadi kwa mshonaji wa Eyam, Alexander Hadfield. Masimulizi ya kijiji yanasema kuwa vitambaa vilikuwa na unyevu, na msaidizi wake, George Viccars, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Ndani yake mlikuwamo viroboto. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba, na kabla ya mwezi kwisha majirani nao walikuwa wakizikwa.

Hakuna tabibu wa zama zile aliyejua chanzo cha maradhi hayo. Kijidudu chake kiligunduliwa mwaka 1894 huko Hong Kong, na kazi ya kiroboto katika kukieneza ikafahamika baadaye.

Baridi ilipopita, vifo vikaongezeka. Wenye uwezo walianza kuhama. Padri wa kijiji, William Mompesson, kijana wa miaka 28, aliwapeleka watoto wake wawili mbali. Mkewe Catherine akakataa kumwacha. Padri huyo alikuwa mgeni, na wengi walimpenda zaidi mtangulizi wake, Thomas Stanley, aliyeondolewa kanisani kwa kutokubali taratibu mpya za ibada. Hapo ndipo ilipoonekana busara ya wawili hao. Waliweka kando ugomvi wa dini, wakawaomba watu jambo zito: asiingie mtu wala asitoke, hadi tauni iishe.

Watu wakakubali. Ibada zilihamishiwa bondeni mahali paitwapo Cucklet Delf, ambako kila jamaa walisimama mbali na wenzao. Kila nyumba ilizika wafu wake yenyewe, shambani au bustanini. Bwana mkubwa wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth, aliagiza chakula na dawa viletwe mpakani. Wanakijiji waliacha sarafu katika matundu ya jiwe yaliyotiwa siki, ili mchukuaji asidhurike. Wasomaji wetu waliowahi kulinda vizuizi watatambua ugumu wa amri ya namna hii, kwani nguvu yake ilikuwa ridhaa ya watu wenyewe.

Agosti 1666 ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Katika shamba la Riley, nje kidogo ya kijiji, Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita kwa muda wa siku nane, akiwakokota mmoja mmoja hadi kaburini kwa mikono yake. Tarehe 25 ya mwezi huo Catherine Mompesson naye alifariki, akiwa na miaka 27.

Yupo pia Marshall Howe, ambaye sifa yake si njema. Alijitolea kuzika waliokosa wa kuwazika, akajilipa kwa mali zao. Yeye alipona, lakini mkewe na mwanawe walikufa.

Tauni ilipokoma, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa. Zamani ilisemekana kijiji kilikuwa na watu 350 tu. Wanahistoria wa leo huamini walikuwa wengi zaidi. Wapo wasemao kwamba kufungwa pamoja kuliwazidishia wanakijiji vifo. Huenda ni kweli. Lakini miji ya jirani ilisalimika.

Maradhi hayo hayajatoweka duniani. Ituri, nchini Kongo, yangali yakizuka, na Lushoto, Tanzania, yalisumbua kwa miaka mingi tangu 1980. Siku hizi dawa zipo, mradi mgonjwa awahi hospitali. Mama wa nyumba aonapo panya wakifa ovyo bila sababu, asiwashike kwa mikono, bali atoe habari upesi kwa wahudumu wa afya.

Mompesson alihamia Eakring, ambako waumini wapya walimwogopa hata ikambidi akae kwa muda katika kibanda mbali nao. Eyam nayo ilijaza watu tena. Mwaka 1742 alizaliwa huko Anna Seward, binti wa padri mwingine wa kijiji, aliyekuja kuwa mshairi mwenye jina Uingereza nzima. Makaburi ya akina Hancock yangalipo Riley, yamezungushiwa ukuta wa mawe, na kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu hukusanyika Cucklet Delf kwa ibada.