Wapi tuwapige picha wanyama wa kwetu?

Mwanafunzi mmoja wa hapa Bukavu ametuletea swali ambalo, kwa maoni yetu, si lake peke yake. Mjomba wake alimpa simu yenye kamera nzuri, na tangu siku hiyo hana hamu nyingine ila kuwapiga picha wanyama na ndege. Lakini aende wapi? Hifadhi ya Virunga iko mbali, na njia zake zina hatari. Kuwatazama magorila wa Kahuzi kunataka fedha ambazo baba yake hana. Basi, je, angoje mpaka awe mtu mwenye mali?

Asingoje. Twasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba Adamu aliletewa wanyama na ndege apate kuwapa majina. Sasa mwulizeni mtoto wa mji awataje kwa majina ndege watano wanaolala katika miti ya parokia yake. Atamtaja mwewe, na kunguru, labda na njiwa, kisha atanyamaza. Mtoto huyohuyo atawataja upesi simba na twiga, ambao hajawaona kamwe ila vitabuni. Picha nzuri hupatikana mahali ambapo mpigaji amepazoea kama shamba la mama yake, naye mwanafunzi wetu amezoea mahali pengi, ila hajawahi kupatazama.

Aanze na ziwa. Usiku wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, huwasha taa zao, na sambaza huvutwa na mwanga hata wakaingia katika nyavu. (Samaki huyo mdogo si mwenyeji wa Kivu. Alitolewa katika ziwa Tanganyika akatiwa humu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani angekula bugali bila yeye?) Kunapopambazuka mitumbwi hurudi, na ndege huijua saa hiyo kuliko sisi. Mwewe huzunguka juu ya wachuuzi wakingoja samaki aanguke, kisha hushuka na kumnyakua bila kutua. Yupo pia mdiria, yule mwenye rangi nyeupe na nyeusi na mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Huyo husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipigapiga mahali pamoja, kisha huanguka wima kama jiwe. Wakati anaposimama hewani ndio wakati wako. Akianza kuanguka, umekwisha kuchelewa.

Mimi nilikwenda pwani hiyo asubuhi tatu nisipate kitu ila mabawa yaliyokatwa nusu na maji matupu. Asubuhi ya nne mvuvi mmoja mzee alinionea huruma. Alinionyesha mti uliokauka, hatua thelathini kutoka mahali nilipokuwa nikihangaika, akasema: «Baba, huyo ndege wako hurudi pale kila akipata samaki. Wewe keti tu.» Niliketi. Kabla ya saa mbili nilikuwa na picha ya mdiria akimpigapiga samaki juu ya tawi ili amlainishe kabla ya kummeza. Ndiyo maana nawaambia vijana: kabla ya kuitoa simu mfukoni, mwamkie mvuvi, mchungaji, mama anayeteka maji. Hao huijua nchi, tena hufurahi kuulizwa.

Kuhusu jua, kanuni ni fupi. Uwe umefika saa kumi na mbili, na ikifika saa tatu rudi nyumbani, kwa maana baada ya hapo mwanga hutoka juu na kuwatia wanyama kivuli usoni. Jua liwe mgongoni mwako. Nawe uiname hata jicho lako lilingane na jicho la mnyama. Atakayeona haya kulala tumboni mbele ya watu atapiga picha za migongo maisha yake yote. Usikivute kitu kwa simu kutoka mbali mno, kwani simu nyingi huikoroga picha. Afadhali kumngoja mnyama akukaribie.

Asiyeishi karibu na ziwa atazame ua wa miti uliozunguka bustani. Nina maana ya kinyonga. Sijui mnyama mwingine aliyefaa hivyo kwa mwanafunzi mwenye simu tu: hakimbii, harukii mtu, na kila jicho lake hutazama upande wake. Katika milima yetu yumo hata yule mwenye pembe tatu kichwani. Dume ndiye mwenye pembe, jike hana. Usiku hulala kwenye ncha za matawi, na ukimmulika kwa tochi huonekana mweupe kati ya majani meusi, basi baba anaweza kutoka na wanawe baada ya sala ya jioni na kuwahesabu. Wengi kwetu humwogopa, hata watoto humtupia mawe, wakisema ana sumu. Hana sumu hata kidogo. Nimemwona mama mmoja aliyekuwa akipiga kelele kila akimwona kinyonga. Mwanawe alipomwonyesha picha ya mkono wa mnyama huyo, jinsi vidole vinavyolishika tawi mafungu mawili kama koleo, alicheka, akaomba kuiona tena.

Siku moja huenda Mungu atakujalia nauli ya kwenda Kahuzi. Uende basi, kama njia ni salama siku hizo, na hilo uliulize kwa watu wanaotoka huko. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1970, na magorila wake ni wa aina isiyopatikana mahali pengine duniani ila mashariki ya Kongo. Utawatazama muda wa saa moja tu, bila kuwasha taa ya kamera, na mwenye kikohozi abaki nyumbani, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huwapata wao pia na huweza kuwaua.

Hapo utafanya vema kumkumbuka Carl Akeley, mtu wa Marekani. Alifika katika milima ya Virunga mwaka 1921 akiwa na bunduki na kamera pia, kamera ya sinema aliyoibuni yeye mwenyewe. Kwa bunduki aliwaua magorila kadhaa ili ngozi zao zitengenezwe na kusimamishwa katika jumba la makumbusho la New York. Kwa kamera aliwapiga sinema wakiwa hai, jambo ambalo hakuna aliyelifanya porini kabla yake. Lugha yetu ina neno moja kwa kazi zote mbili, kupiga, lakini moyo wa mtu huyo ulizitenga. Alirudi kwao akiwaombea magorila ulinzi, na mwaka 1925 mfalme Albert wa Ubelgiji aliweka hifadhi iliyoitwa kwa jina lake, ile tunayoiita leo Virunga. Akeley alirudi mwaka 1926, akafa huko huko juu, katika mlima Mikeno, akazikwa hapo.

Ulinzi wa karatasi, hata hivyo, hautoshi. Katika miaka ya 1970 eneo la ziwa Edward lilikuwa na viboko karibu 29,000. Mwaka 2005 walikuwa chini ya 1,000, wengine wote wameishia katika nyama na meno ya kuuza wakati wa vita. Yeyote aliye na picha ya zamani ya makundi yale ya viboko, yafaa aitunze vizuri.

Nikiwa nimetaja viboko, neno moja kwa vijana wa bonde la Ruzizi. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na hurudi kabla ya mapambazuko, yaani saa zilezile ambazo mpiga picha huzipenda. Usisimame kamwe kati yake na maji. Anazidi tani moja, na mbio zake huzishinda zako. Tena usiielekeze kamera kwa askari, wala daraja, wala mpaka, wala uwanja wa ndege, hata kama ndege mzuri ametua hapo. Utapata kazi kubwa ya kueleza kwamba ulikuwa ukimpiga picha korongo.

Na sasa lazima niseme habari ya korongo wenyewe, ingawa inanitia haya.

Kuna bonde moja la mafunjo ambapo nilimwona korongo mwenye taji na mwenzi wake. Walikuwa wamekanyaga majani majini hata yakawa kama mkeka, na juu yake palikuwa na mayai matatu. Dume na jike huyalalia kwa zamu, karibu mwezi mzima. Nilikwenda huko Jumamosi baada ya Jumamosi, nikijificha mbali, na picha nilizopata zilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Jike akisimama, dume akishuka kutoka angani, taji la dhahabu likiwaka juani. Furaha ilinizidi. Niliwatumia rafiki zangu wote picha hizo kwa simu, na chini yake niliandika jina la bonde. Wao wakawatumia rafiki zao.

Baada ya majuma machache nilirudi niwaone watoto. Mkeka ulikuwepo, tupu. Mchungaji wa mbuzi aliniambia kwamba watu wawili walikuja na kikapu, wakauliza kwa jina mahali pa korongo, wakasema wameona picha. Makinda ya korongo huuzwa kwa watu wanaopenda kuona ndege mzuri akitembea uani kwao, na ndege huyo, akikatwa mabawa na kukosa mwenzi, hazai tena. Mchungaji hakunilaumu. Alidhani nilikuwa nimewatuma mimi.

Tangu mwaka 2012 korongo hao wameandikwa na IUCN, shirika la dunia la kutunza viumbe, miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata pasipo kumfaa mtu. Nilikuwa nimeusoma waraka huo, tena nilikuwa nimewaeleza wengine.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu alifahamu jambo hili mapema kuliko mimi: kiota, pango na mahali pa kuzalia havitajwi. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na kazi hiyo mtu anaweza kuizima. Picha ya mdiria wa pwani, tangaza upendavyo, kwani mdiria ana ziwa zima la kukimbilia. Ya kinyonga mwenye pembe, mwonyeshe mama yako na mwalimu wako. Lakini ya ndege aliye juu ya mayai, ikae kwanza nyumbani mpaka makinda yaruke, na hata hapo iende bila jina la mahali.

Nimerudi bondeni tena, mara nyingi. Mchungaji sasa ni rafiki yangu, naye ndiye aliyeniita msimu wa mvua uliopita. Korongo wawili walikuwa wakitembea katika majani mafupi, na kati yao kinda moja la rangi ya kahawia, bila taji bado. Nilipiga picha kumi na moja. Mhariri wetu ameniomba moja kwa ukurasa huu, nami nimempa ile ambayo nyuma ya ndege haionekani milima wala njia, ila majani na ukungu.