JINSI LITHIAMU ITAFUTWAVYO MIAMBANI

Likizo ya Juni nilipofika nyumbani, nje kidogo ya Mugumu, nilimkuta baba mdogo ameshika jiwe jeupe. Mgeni mmoja alikuwa amemwambia ya kuwa ni lithiamu, na kwamba akitoa ng'ombe wawili ataingizwa katika ushirika wa kuichimba. Ng'ombe hao ndio ada ya dada yangu chuoni. Baba mdogo akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Nieleze." Sikuwa na jibu. Nikaomba kipande, nikarudi nacho shuleni. Haya ndiyo niliyojifunza.

Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote. Iligunduliwa mwaka 1817 nchini Uswidi, na siku hizi hutumika sana katika betri za simu na za magari ya umeme. Haipatikani peke yake, bali hukaa ndani ya mawe. Graniti inapopoa chini ya ardhi, uji wake wa mwisho, wenye maji mengi, huingia nyufani na kuganda kuwa mwamba wa chembe kubwa uitwao pegmatiti. Katika baadhi ya pegmatiti, wala si zote, mna jiwe liitwalo spodumini, au ulanga wa rangi ya zambarau. Hayo ndiyo yenye lithiamu.

Basi mtafutaji haanzi na sululu. Kwanza husoma ramani za miamba. Pili huiendea pegmatiti yenyewe, akiangalia madini yapendayo kufuatana na lithiamu, mathalani bati. Tatu hupeleka udongo na vipande vya mawe maabara. Majibu yakiwa mema, huchimba mitaro. Kisha huchoronga, akitoa mwamba wa chini kwa vipande virefu kama miwa, apate kujua unene wake. Huko Manono, Kongo, bati lilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Uchorongaji ulioanza mwaka 2017 ulithibitisha kuwa pegmatiti zile zina spodumini nyingi sana. Hata hivyo, oksidi ya lithiamu humo ni kama sehemu moja na nusu tu katika mia.

Sasa nirudi kwenye jiwe letu. Mwalimu wa Fizikia aliniruhusu kulipima. Hewani lilikuwa gramu 159, na likiwa majini gramu 99. Tofauti ni 60. Na 159 ukigawa kwa 60 wapata 2.65. Huo ndio uzito wa kwatzi, jiwe jeupe lililojaa vilimani kwetu. Spodumini hufika 3.1 au zaidi. Lakini mwalimu alinionya kwamba mzani waweza kukanusha, hauwezi kuthibitisha: jiwe zito laweza kuwa kitu kingine kabisa, na yako mawe mengine ya lithiamu yaliyo mepesi. Neno la mwisho ni la maabara, kama ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.

Nilimpigia simu baba mdogo, nikamsomea hesabu ile mara mbili. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi na ajaye aje kwanza na karatasi ya maabara." Ng'ombe wangali zizini.

Wazazi wetu, mtu akiwaletea jiwe, msione haya kutaka lipimwe. Kuuliza si ujinga.