Kulea Miche ya Mmea Ulao Wadudu Ndani ya Nyumba

Wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wanafunzi wetu kadhaa wameuliza kuhusu vyungu vidogo vilivyopangwa dirishani mwa Idara, na katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi miche iliyomo inavyolelewa.

Mmea huo ni Drosera capensis, ambao asili yake ni eneo la Rasi, Afrika Kusini. Nduguye, Drosera madagascariensis, humea katika vinamasi vya Uganda na Tanzania. Majani yake yana vinywele vyenye matone ya ute unaonata. Mdudu mdogo akitua hunaswa, kisha mmea hummeng'enya na kufyonza naitrojeni iliyomo mwilini mwake. Hufanya hivyo kwa sababu udongo wa kwao hauna rutuba, na mizizi yake imezoea umaskini huo.

Hapo ndipo penye siri ya malezi yake. Mkulima wa mahindi hutafuta udongo mweusi na samadi. Kwa miche hii, vitu hivyo ni sumu. Mingi haifi kwa njaa, bali hufa kwa kushibishwa.

Kwanza, udongo. Changanya sehemu moja ya piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu, na sehemu moja ya mchanga uliooshwa vizuri. Mchanga wa pwani haufai kwa kuwa una chumvi. Mbolea isitiwe kabisa.

Pili, kusia. Mbegu ni ndogo mno, mfano wa vumbi. Zinyunyize juu ya udongo uliolowa wala usizifukie, kwa maana huhitaji mwanga ili ziote. Funika chungu kwa plastiki angavu. Kwenye joto la kadiri huota baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi.

Tatu, maji. Weka chungu katika sahani yenye maji ya kina cha sentimita moja hivi, ili udongo unyonye kutoka chini. Kumwagilia kutoka juu huhamisha mbegu na kung'oa miche. Maji yawe ya mvua au yaliyotoneshwa. Hapa wengi hukosea wakidhani kuwa maji ya bomba yaliyochemshwa yanafaa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini madini hubaki. Maji yakikauka katika sahani, madini hayo hujilimbikiza udongoni siku hadi siku mpaka mizizi inaungua. Hata maji mengi ya chupa yana madini.

Nne, mwanga. Miche hutaka dirisha lenye mwanga mwingi. Hata hivyo, jua kali la adhuhuri likipiga chungu kilichofunikwa, joto la ndani huweza kuichoma. Miche ikishaota, fungua plastiki kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ukifungua ghafla itanyauka, na ukiiacha imefunikwa muda mrefu itashikwa na ukungu.

Tano, chakula. Majani mawili ya kwanza hayana ute, kwa hiyo subiri yafuatayo. Yakianza kumetameta, weka juu ya jani chembe ya mdudu aliyekaushwa na kusagwa, ndogo kuliko jani lenyewe. Chembe ikizidi, huoza na kuliua jani. Mara moja kwa wiki mbili yatosha. Miche ikifikia upana wa sentimita moja au mbili, ihamishie kila mmoja katika chungu chake, pamoja na donge la udongo wake.

Wanaojifunza Kiswahili wazingatie kitenzi kukinga. Twasema kukinga maji ya mvua, yaani kuyapokea kwa chombo yanapoanguka. Tena twasema kumkinga mtoto, yaani kumzuilia madhara. Mlezi wa miche hii hufanya yote mawili kwa ndoo moja. Basi anayetaka kujaribu aanze wakati wa masika, akinge maji ya kutosha na kuyahifadhi katika vyombo safi vyenye vifuniko, kwani kiangazi kikija bila akiba ndipo mtu hushawishika kufungua bomba.

Tunawatakia malezi mema.