Maradhi ya Kiharusi na Njia ya Kupona

Mtu akiamka asubuhi na kuona mkono wake umekufa ganzi, mdomo umekwenda upande na maneno yake hayaeleweki, mara nyingi husemwa kuwa amerogwa, au kwamba amepitiwa na upepo mbaya. Fikira hiyo ni ya zamani, nayo ipo mjini Kitengela kama ilivyo katika maboma ya mbali ya Kajiado. Ubaya wake ni kwamba huwafanya jamaa wa mgonjwa watafute mpiga ramli kwanza na hospitali baadaye, hali maradhi haya hayamngojei mtu.

Kiharusi ni maradhi ya ubongo, si ya mkono wala mguu. Ubongo hulishwa na damu ipitayo katika mishipa. Bonge la damu likiuziba mshipa mmoja, au mshipa ukipasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa. Aina hiyo ya pili huonekana zaidi katika Afrika kuliko Ulaya. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia kutawala wa kushoto, mgonjwa hupooza upande mmoja tu.

Kwa watu walio wengi, mahali pa usemi ni katika upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mtu ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alifahamu mengi aliyoambiwa. Alipokufa, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Basi mgonjwa asiyeweza kusema asidhaniwe kuwa amepotewa na akili, wala mambo yake yasizungumzwe mbele yake kana kwamba hayupo.

Dalili zake ni rahisi kuzijua. Mgonjwa aambiwe acheke: je, uso umekwenda upande? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja waanguka? Aseme maneno machache: je, yaeleweka? Moja tu katika hayo likitokea ghafula, apelekwe hospitali saa ile ile. Hata zikiisha dalili baada ya dakika chache, apelekwe vile vile, maana huenda hilo ni onyo la kiharusi kikubwa kinachokuja.

Iko dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini yapasa itiwe mwilini kabla ya kupita saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza. Tena haitolewi mpaka ubongo umepigwa picha kwa mashine, kwani ikiwa mshipa umepasuka, dawa hiyo yaweza kumwua mgonjwa. Kwa sababu hiyo hiyo asipewe aspirini nyumbani. Wala asipewe chai, maziwa wala uji, maana koo lililopooza hupitisha chakula mapafuni. Alazwe kwa ubavu, na jamaa washike saa: ni lini alipoonekana mzima mara ya mwisho? Hilo ndilo swali la kwanza la daktari.

Kutoka Kitengela hata Nairobi ni yapata kilometa 30, na kutoka mji wa Kajiado ni yapata 80. Si mbali, ila wote waijuao barabara ya Namanga wajua jinsi magari yanavyosongamana jioni. Aliye Bissil au Magadi akingoja kupambazuke kwanza, saa zile nne na nusu zimekwisha. Yafaa kila mji uwe umekwisha kupatana na mwenye gari kabla ya shida kufika.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Halina maumivu, na hapo ndipo hila yake ilipo. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uliwakuta nalo karibu watu wazima 24 katika kila 100, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Rais Roosevelt wa Marekani alikufa tarehe 12 Aprili, 1945, kwa kupasuka mshipa wa ubongo. Madaktari wake walijua damu yake imepanda mno, lakini siku zile hapakuwa na dawa ya kufaa. Leo vidonge vipo. Na tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamepewa vyombo vya kupimia presha, wapate kumpima mtu mlangoni pake. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kuonekana vile vile, ni cha kupelekwa kwa daktari.

Kupona ni kazi ya miezi. Ubongo ulioumia hauoti upya, bali sehemu zilizo nzima hujifunza kazi za zile zilizokufa, nazo hujifunza kwa kurudia-rudia. Maendeleo makubwa huonekana katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa hayakomi hapo. Mtaalamu wa viungo akishaonyesha mazoezi, nyumbani yaweza kufanywa pasipo gharama: kuinuka kitini na kuketi tena mara kumi, kushika punje za maharagwe na kuzitia bakulini, kutaja majina ya watoto na ya ng'ombe. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila saa mbili, asije akapata vidonda. Asivutwe kwa mkono uliopooza, maana bega huteguka upesi.

Wengi hushikwa na huzuni nzito baadaye, hasa mzee aliyezoea kuamua mambo ya mji wake na sasa hulishwa kwa kijiko. Hiyo nayo hutibiwa, na daktari aambiwe habari zake. Vidonge vya presha vimezwe kila siku, hata mgonjwa ajionapo mzima na kuanza tena kutembea kwa fimbo mpaka zizini, kwa kuwa kiharusi cha pili humpata kwa urahisi zaidi mtu aliyekwisha kupatwa na cha kwanza.