Kelele za Uwanjani na Shavu la Pili

Leo nataka tuzungumze habari ya mpira wa miguu. Najua wako wazee wa kanisa watakaosema kwamba mchungaji ameishiwa na mahubiri. Wazee wangu, nivumilieni kidogo.

Jumapili moja ya Kwaresima, mama mmoja wa ushirika wetu alinisubiri nje ya vestri baada ya ibada. Mwanawe anacheza mpira huko Ulaya, katika ligi ndogo ambayo haionyeshwi kwenye televisheni. Kijana alikuwa amempigia simu usiku, akalia. Kila alipogusa mpira, sehemu ya watazamaji walimlilia kama nyani, naye refa akajifanya hasikii. Alitaka kujua, jambo hilo likirudi, je, atoke uwanjani au avumilie, kwa kuwa yeye ni Mkristo? Mama akaniuliza, "Mchungaji, nimwambie nini?" Nilimwomba anipe siku tatu.

Jambo hili si geni, ndugu zangu. Arthur Wharton alizaliwa Accra mwaka 1865, akaenda Uingereza akiwa kijana ili asomee kazi ya umisheni katika kanisa la Methodisti. Michezo ikamvuta, akawa mlinda lango, na anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kulipwa kwa kucheza mpira. Alikufa maskini mwaka 1930, na kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina hadi mwaka 1997. Mwaka 1982 Paul Canoville, mchezaji mweusi wa kwanza wa Chelsea, alikuwa akinyosha viungo kando ya uwanja tayari kuingia kwa mara yake ya kwanza. Waliomtukana siku hiyo walikuwa mashabiki wa Chelsea wenyewe, watu wa timu yake! Miaka sita baadaye John Barnes wa Liverpool alitupiwa ndizi. Akaisukuma kwa kisigino, akaendelea na mchezo. Picha ile ingali ikionyeshwa hata leo, na watu humsifu kwa utulivu wake. Mimi huitazama nikajiuliza mbona picha ya yule aliyetupa hatuna.

Kwa nini watu wafanye hivi? Mtu yule yule aliyelia kama nyani Jumamosi, Jumatatu utamkuta benki akihudumia wateja kwa adabu. Fungua kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19. Huko Efeso watu walijaa katika ukumbi wa michezo, ambao magofu yake yako Uturuki hata sasa, wakapiga kelele muda wa saa mbili hivi. Na Luka anatuambia kwamba wengi wao hawakujua hata wamekusanyika kwa ajili gani. Katika kundi mtu huona kwamba sauti yake si yake, ni ya kundi. Hukopa ujasiri kwa jirani, na lawama humwachia jirani. Lakini Musa alikuwa amekwisha kuikataa hoja hiyo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, alipowakataza Israeli wasiufuate mkutano katika kutenda uovu. Mbele za Mungu hakuna dhambi ya jukwaa. Kila mtu ana kiti chake.

Sasa tazama jinsi wachezaji walivyojibu. Mwezi wa Novemba 2005, Marc Zoro wa Ivory Coast, aliyechezea Messina ya Italia, aliudaka mpira kwa mikono katikati ya mchezo dhidi ya Inter, akamwendea refa ausimamishe. Baadhi ya wachezaji wa Inter wenyewe wakamsihi aendelee, naye akaendelea. Miezi mitatu baadaye, mjini Zaragoza, Samuel Eto'o wa Kamerun aliamua kutoka. Wenzake wakamzuia, kocha wake Frank Rijkaard akamsihi, refa naye akamwendea. Akarudi, Barcelona wakashinda mabao mawili kwa bila. Klabu ya Zaragoza ikatozwa faini ya yuro 9,000, kiasi ambacho klabu kubwa haikihisi hata kidogo.

Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia. Tulibishana habari hiyo katika ukumbi wa chakula, nami nilisema kwa sauti kuliko wote kwamba Eto'o alifanya vema kurudi, maana Bwana alitufundisha kugeuza shavu la pili. Mwenzetu mmoja kutoka Pwani, aliyewahi kuwa baharia kabla ya wito wake, aliniuliza kwa upole, "Wewe ndugu yangu, umekwisha kupigwa hilo la kwanza?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo mambo yamebadilika, ingawa si kwa haraka. Tarehe 3 Januari 2013 Kevin-Prince Boateng, ambaye baba yake ni Mghana, aliupiga mpira jukwaani akatoka, na timu nzima ya Milan ikamfuata. Mchezo ukaishia hapo. Siku hizi kanuni humpa refa hatua tatu: kwanza kuusimamisha mchezo na kutoa tangazo, pili kuwatoa wachezaji kwa muda, na tatu kuuvunja kabisa. Na tangu mwaka 2024 FIFA imekubali ishara ya mchezaji kupishanisha mikono kwenye vifundo, ili refa ajue kwamba anatukanwa kwa rangi yake. Mwezi wa Mei 2023 huko Valencia, Vinícius Júnior wa Brazil aliwaonyesha kwa kidole waliomtukana. Siku hiyo aliishia kupewa kadi nyekundu yeye mwenyewe, ingawa baadaye ilifutwa. Lakini mwaka uliofuata mahakama iliwahukumu watu watatu kifungo cha miezi minane na kuwakataza kuingia viwanjani kwa miaka miwili. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo katika Hispania. Nao walikiri kosa na kuomba radhi. Ndugu zangu, tunahubiri sana habari za kusamehe. Tukumbuke kwamba watu hao walifika kwenye kuomba radhi kwa sababu kuna mtu aliyekataa kunyamaza.

Hapo ndipo niliporudi kwenye lile shavu. Bwana wetu mwenyewe alipigwa shavuni mbele ya kuhani mkuu, katika Yohana sura ya 18. Hakurudisha pigo, lakini pia hakunyamaza. Alimwuliza yule mtumishi sababu ya kumpiga, akamtaka aonyeshe kosa. Na Paulo na Sila huko Filipi walipigwa bakora hadharani bila kuhukumiwa. Asubuhi wakuu wakatuma watu wawafungulie kimya kimya waende zao. Paulo akakataa! Akadai wakuu waje wenyewe kuwatoa, maana waliwaonea mbele ya watu. Nao wakaja, wakawasihi. Usiku ule ule Paulo alikuwa amembatiza mlinzi wa gereza, basi hakuna atakayesema kwamba alijaa chuki. Kutaka haki na kukataa kisasi vilikaa ndani ya mtu mmoja, katika usiku mmoja.

Ningependa kuishia hapo, ila kuna jambo lililonizuia kumjibu mama yule upesi. Nilipokuwa shemasi wa mwaka wa kwanza nilikwenda kutazama mchezo katika uwanja mmoja wa hapa kwetu. Mlinda lango wa timu ya wageni alikuwa wa kabila jingine. Watu waliokuwa karibu nami wakaanza kuimba juu ya kabila lake, chakula cha kwao na mila zao. Mimi sikuimba. Nilicheka. Kola yangu ilikuwa mfukoni. Jioni tukapanda gari moja naye, begi lake magotini, mimi viti viwili nyuma yake, na sikumwambia neno mpaka akashuka. Serikali yetu iliziamuru klabu ziache majina ya kikabila, ndiyo maana Abaluhya ikawa AFC Leopards, lakini nyimbo hazikusikia amri. Tunapolia kwa ajili ya Eto'o, yule kipa naye yuko wapi?

Siku ya tatu nilimwambia mama hivi. Mwanao asimtukane mtu, wala asirushe ngumi. Amwendee refa mapema, amweleze waziwazi, nahodha wake akiwa shahidi. Refa asiposikia, anaweza kutoka, na kutoka huko si dhambi wala si woga. Akibaki pia hajakosea. Tusimtwike kijana mmoja mzigo wa uwanja mzima. Na baada ya mchezo aandike barua kwa chama cha mpira, aiweke nakala.

Alipiga simu tena baada ya Pasaka. Kelele zilirudi katika mchezo mwingine. Alimwendea refa pamoja na nahodha, mchezo ukasimama dakika sita, likatolewa tangazo. Wengine walinyamaza, wengine hawakunyamaza. Alicheza hadi mwisho. Aliniambia kwamba jambo alilolishika moyoni halikuwa lile tangazo, bali mzee mmoja Mzungu wa jukwaa lile lile aliyesimama peke yake, akawageukia wenzake na kuwakemea, mpaka wakamrushia vikombe.

Vijana wetu wengi watakwenda uwanjani leo baada ya ibada. Wazazi, waulizeni wakirudi ni nyimbo gani zilizoimbwa. Nami nitakuwapo, jukwaa la upande wa jua, na mara hii kola yangu itakuwa shingoni.